Kusema Redioni Ukiwa Baharini: Mafunzo Niliyotoka Nayo Jeshini

Jeshini nilikuwa mtu wa mawasiliano. Sasa nimestaafu, niko Langoni, Lamu, na vijana wa boti za Mokowe huniletea redio zao za mkononi wakisema zimekufa. Nyingi ni nzima kabisa. Anayezishika ndiye hajafunzwa kusema.

Kwanza sikiliza. Weka chaneli 16, yaani megahezi 156.8, uhesabu kumi kimoyomoyo. Kuna mtu anaongea? Ngoja amalize. Hiyo ni chaneli ya kuitana na ya dhiki, si ya kuulizana bei ya kamba. Mkishapatana, hamieni nyingine.

Bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme. Kwenye kozi nilikuwa nikibonyeza na kusema kwa mpigo, neno la kwanza linamezwa. Sajini alinikimbiza uwanja mzima na redio mgongoni, betri na yote, hadi likanikaa. Na ukimaliza, achia kidole. Juzi kijana mmoja aliikalia redio yake, kitufe kikabanwa, tukamsikia sote akimsengenya mkwewe.

Nambari ndizo zinazotuponza zaidi. Kwa Kiingereza tulifundishwa kuita 9 "naina", isifanane na 5. Kiswahili kina mitego yake: sita na tisa ni herufi zilezile zimebadilishana nafasi, na kusi ikivuma, tatu na tano huwa kitu kimoja. Dawa yangu ni kuitaja nambari kisha kuihesabia: "Watu watano: moja, mbili, tatu, nne, tano." Aliyepokea naye akurudishie alichosikia. Asipokurudishia, hesabu kwamba hujasema.

Jina lisiposikika, litaje herufi kwa herufi, kila herufi kwa neno lake la redio. Mokowe ni Maiki, Oska, Kilo, Oska, Wiski, Eko. Ukitaka mwenzako arudie, mwambie "sema tena". Usiseme "ripiti": kwa watu wa mizinga neno hilo ni amri ya kupiga tena palepale. Kizingitini hakuna mizinga, najua, lakini mazoea hayaniachi.

Roho zikiwa hatarini: "Mayday" mara tatu, jina la boti mara tatu, mlipo, kilichowapata, mko wangapi, kisha "ova", yaani nimemaliza, nasubiri jibu. Kusema "karibu na Manda" hakusaidii, Manda ni kisiwa kikubwa. Soma nambari za GPS. Kama huna, taja alama mbili za nchi kavu unazoziona na ziko upande gani. Injini ikizima na nanga imeshika, hiyo si Mayday bado, ita "Pan-pan", wito wa haraka ulio chini ya Mayday.

Mawimbi ya redio hizi hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kimo ni mali. Antena ikiwa mita 1.5 juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita 5. Ipandishe mlingotini, mita 9, unapata kama 12. Basi usiite umejikunyata chini ya turubai. Simama, na antena iwe wima.

Leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Redio ikiingia maji ya chumvi, toa betri, isuuze kwa maji matamu ya Shela, uianike kivulini siku mbili. Wako wanaoifukia kwenye mchele. Kwangu mchele ni wa kupika.