Lodji yenye haiba kwa safari ya mbugani
Anayepanga safari ya kutazama wanyama Afrika Mashariki asitangulize picha za bwawa la kuogelea, bali aulize kwanza lodji imejengwa wapi na imejengwaje, kwa kuwa haiba hutokana zaidi na mahali kuliko samani. Lodji za Seronera na Lobo, ndani ya Serengeti, zilijengwa kwa kuyafuata majabali yaliyokuwapo; vyumba vyake havina ufahari wa kambi mpya, lakini mimi ningezipendelea hizo kuliko jengo zuri lililo nje ya hifadhi, ambalo humlazimu mgeni kupoteza saa za alfajiri, wakati wanyama wanapoonekana vizuri, akiwa bado njiani kuelekea getini.

Kambi za mahema zinazohama zinahitaji uangalifu zaidi, maana nyingi huwafuata nyumbu wanaohama: huwa Ndutu, kusini mwa Serengeti, kati ya Desemba na Machi, kisha huhamia kaskazini karibu na Mto Mara kuanzia Julai hadi Oktoba, ilhali jina hubaki lile lile. Ni vyema kupata uthibitisho wa maandishi kuhusu eneo la kambi katika tarehe zako.

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una baridi kali usiku, hasa Juni hadi Agosti, hivyo ulizia meko au kipasha joto. Na ukimalizia safari Zanzibar, katika hoteli za nyumba za kale za Mji Mkongwe, ngazi mara nyingi ni nyembamba na zimesimama sana, kwa hiyo mwenye matatizo ya magoti aombe mapema chumba cha chini.