Mchakamchaka kwa Wote: Kuanzisha Programu ya Mazoezi Shuleni Dhidi ya Kisukari

Shule nyingi za sekondari za Mbeya na Iringa zina michezo, ila timu ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) ikishachaguliwa, wanafunzi waliobaki huwa washangiliaji. Katika kujikinga na kisukari cha aina ya pili, hao washangiliaji ndio walengwa wa kwanza. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na baada ya mazoezi mwili huitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, vizuri zaidi kwa saa kadhaa, pengine hadi siku moja au mbili. Faida hiyo hufifia mazoezi yakikatika, kwa hiyo bonanza moja kwa muhula halitoshi.

Anzeni na ratiba. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kutoa jasho. Mwanafunzi wa kutwa anayepanda vilima kwa miguu huwa amekwishapata sehemu ya dakika hizo, tofauti na wa bweni anayevuka uwanja tu kwenda darasani. Rudisheni mchakamchaka wa asubuhi, dakika 15 au 20, mkianza kwa kutembea haraka hasa katika baridi ya Juni na Julai. Mvua zikianza, hamieni bwaloni mkaruke kamba au mcheze ngoma, ambayo nayo ni mazoezi kamili. Wasichana waruhusiwe kuvaa suruali za michezo, maana wengi hukaa pembeni kwa sababu ya sketi tu. Adhabu ya kuzunguka uwanja iachwe kabisa: huwezi kumwadhibu mtoto kwa kukimbia, kisha ukamtaka apende kukimbia.

Upande wa chakula, tazameni kwanza kinachouzwa getini. Soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko saba vya chai. Msimfukuze mama anayeuza maandazi. Kaeni naye mkubaliane auze pia ndizi, karanga, mahindi ya kuchemsha na parachichi, tunda ambalo Rungwe na Njombe wanalo kwa wingi. Maji safi ya kunywa yapatikane bure, la sivyo soda itashinda.

Msipime uzito wa wanafunzi mbele ya wenzao. Anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokatika na anayekonda bila sababu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hakizuiliwi kwa mazoezi, asitengwe. Acheze kwa kufuata ushauri wa daktari wake, na mwalimu wa zamu awe na glukosi au sukari mfukoni: mwanafunzi akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, dalili za sukari kushuka mno, mwalimu asimamishe mchezo na kumpa mara moja, maadamu anaweza kumeza.