Kabla Hujafungua Kava: Kubadilisha Mkanda wa Taimingi wa Hilux ya Dizeli Nyumbani

Jirani yangu alikuja na pikapu ya Nissan yenye injini ya TD27, akitaka nimsaidie kubadilisha mkanda wa taimingi, ule mkanda wenye meno unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati sahihi na pistoni. Hela ya spea alikuwa ameshaitenga. TD27 haina mkanda. Kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, inazungushwa na gia, chuma kwa chuma, na spea aliyokuwa anaitafuta haijawahi kutengenezwa. Kwa hiyo kabla ya kushika spana jua injini yako ni ipi, maana jina la gari peke yake halitoshi. Hilux za zamani zina 2L, 3L au 5L, na zote hizo zina mkanda unaoanzia kwenye krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ukapita puli ya pampu ya dizeli, ukapanda hadi kamshafti. Zenye 1KZ na 1KD zina mkanda mfupi tu wa kupanda juu, unaoendeshwa na puli iliyofungwa kwenye gia, na puli ya krenki haiguswi. Ukiwa na hiyo, nusu ya maneno haya yaruke. Za karibuni zenye 1GD zina cheni. Mimi nazungumzia 3L na 5L, kwa kuwa ndizo nilizozifungua uwanjani kwangu, chini ya mwembe. Baadhi ya Hiace zina 5L hiyohiyo, lakini imejificha chini ya viti vya mbele na mkono haupiti, usijifunzie humo.

Hofu ya kazi hii ina sababu yake. Dizeli hizi zinabana hewa takriban mara 22, na pistoni ikifika juu inakaribia hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, kiasi kwamba valvu iliyo wazi haina pa kukimbilia. Mkanda ukikatika barabarani, hutavutwa hadi nyumbani ukaweka mpya ukaondoka. Utafungua hedi, utahesabu valvu zilizopinda, na ukiwa na bahati mbaya utakuta pistoni imepasuka. Na wewe mwenyewe ukiufunga vibaya kwa meno machache, unaweza kupata hasara ileile gari likiwa limesimama nyumbani.

Kuhusu muda wa kubadilisha, Hilux nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita 100,000. Wengi wanaiamini kupita kiasi. Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu. Gari likiwa la mtumba na mita ilirudishwa nyuma, au kebo ya spidi ilikaa imekatika mwaka mzima, taa inakudanganya bila kujua. Nimeshakutana na gari ambalo balbu yake ilikuwa imeng'olewa kabisa. Kama huna ushahidi wa lini mkanda uliwekwa, uchukulie kuwa umekwisha muda.

Sasa kuna maswali mawili ambayo, usipoweza kuyajibu siku mbili kabla, peleka gari kwa fundi wala usione aibu. Bolti ya krenki utaifunguaje? Na alama za taimingi unazijua kwa macho?

Nianze na bolti, ile inayoshika puli ya krenki. Imekazwa kwa nguvu ambayo racheti ya kawaida haitikisi, itavunjika yenyewe. Unahitaji soketi nene ya saizi sahihi, mpini mrefu usio na racheti, na bomba la chuma la kuongezea urefu. Tatizo la pili ni kwamba ukivuta, injini nzima inazunguka na wewe. Kwenye gari la gia za mkono, magurudumu ya nyuma yabaki chini yenye kabari mbele na nyuma, gia iwe ya tano, hendibreki juu, na mtu mzima akae ndani akikanyaga breki kwa uzito wote. Mtu huyo mpange mapema. Wakati wa kukaza utamhitaji tena, na hapo ndipo wengi hujikuta peke yao saa moja usiku. Ziko mbinu za gereji za kuegemeza mpini kwenye chesisi halafu kupiga stata ili bolti iachie. Najua zinafanya kazi. Najua pia mpini ukichomoka unaweza kuvunja rejeta au mkono wa mtu, na mkanda ukishatolewa kupiga stata ni kuua injini. Mimi natoa kabisa waya wa hasi wa betri kabla ya kuanza, na funguo nazitia mfukoni.

Baada ya bolti kuna puli yenyewe. Imekaa kwa kubana, haitoki kwa kuvutwa na mikono. Mara ya kwanza sikuwa na pula, kifaa cha kuvutia puli itoke, nikachukua bisibisi mbili kubwa nikaanza kuibinua huku na huku. Ilitoka, ndiyo, na ukingo wake umemeguka, nikamaliza Jumamosi yote nikitafuta puli ya mtumba. Tafuta pula inayofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyo katikati ya puli. Ile ya kucha tatu ikishika ukingo wa nje itaharibu puli. Ikishatoka, kagua kile kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isizunguke juu ya krenki pamoja na mfereji wake. Kama kimelika au mfereji umepanuka, kazi imebadilika, na mkanda mpya hautatibu hilo.

Swali la alama ndilo linalonifanya niandike haya yote. Puli tatu zinapaswa kusimama kila moja mahali pake kwa wakati mmoja: ya krenki, ya pampu na ya kamshafti. Kila moja ina alama iliyochongwa kiwandani, na ina mahali pake pa kulingana kwenye mwili wa injini. Rangi nyeupe aliyopaka fundi wa zamani usiihesabu. Huenda ilipakwa wakati mkanda umekaa popote. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti na pampu huzunguka mara moja, kwa hiyo unaweza kuona alama ya krenki imekaa sawa kabisa huku ya juu ikiwa upande wa pili. Zungusha tena mzunguko mmoja. Zungusha daima kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari, kwa soketi na mkono, taratibu. Ukiondoa plagi za hita, injini inalainika na mkono unahisi vizuri zaidi kinachoendelea ndani.

Fanya zoezi hili mkanda wa zamani ukiwa bado umefungwa. Injini iliyokuwa inawaka vizuri asubuhi ndiyo mwalimu wako: ilivyokaa ndivyo inavyotakiwa kukaa. Legeza kwanza bolti ya krenki, kwa sababu kuivuta kunaweza kusogeza kila kitu, halafu ndiyo urudishe injini kwenye alama. Safisha kwa brashi na petroli kidogo, weka nukta za rangi ya kucha juu ya alama za kiwanda (omba kwa adabu, usiichukue kimyakimya), kisha piga picha. Simu iwe imenyooka mbele ya puli. Picha ya pembeni inadanganya. Jino moja linaonekana kama nusu, na nusu kama hakuna. Halafu hesabu meno ya mkanda kutoka alama ya kamshafti hadi ya pampu, na kutoka ya pampu hadi ya krenki, uandike kwenye karatasi. Karatasi, kwa sababu simu itaingia mafuta na skrini itakataa. Usipoziona alama zote tatu, usitoe mkanda. Rudisha kava, unganisha betri, gari bado linatembea, hujapoteza kitu.

Ujue pia kwamba mkanda ukilegea, kamshafti inaweza kuruka yenyewe kidogo, kwa kuwa springi za valvu zinaisukuma. Pampu nayo hufanya hivyo. Usishtuke ukaanza kuzungusha ovyo. Irudishe kwa njia fupi, pole pole, ukitazama nukta yako. Ni hapa ninapokumbuka wale wanaosema kazi hii ni ya saa mbili. Saa mbili ni za mtu aliyeshaifanya mara thelathini. Wewe tenga siku mbili, na siku ya pili isiwe ile ambayo unatakiwa kusafiri. Jumapili maduka mengi ya spea yamefungwa, kwa hiyo anza Ijumaa jioni kama unaweza.

Spea zote ziwe mezani kabla ya bolti ya kwanza. Mkanda, beringi ya kukazia pamoja na springi yake, oili sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ya mbele ya krenki na ya kamshafti, na feni belti mpya maana za zamani lazima zitolewe ili kufika kwenye mkanda. Mkanda mpya unaozungukia beringi inayolia ni hela iliyopotea bure. Oili ikivuja juu ya mkanda inaula mpira wake, na dizeli inayotoka kwenye sili ya pampu hufanya vivyo hivyo. Ukiona majimaji ndani ya kava, tafuta chanzo kwanza. Maelekezo mengi ya mtandaoni husema lazima ubadilishe pampu ya maji kwa sababu mkanda wa taimingi ndio unaoizungusha. Kwenye injini hizi si kweli, inazungushwa na feni belti. Lakini rejeta na feni zitakuwa zimeshatoka, basi ishike, itikise, ikiwa ina mchezo au michirizi ya kulanti (maji ya kupozea injini), huu ndio wakati wake.

Ukienda dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, nenda na namba ya injini na, ikiwezekana, namba iliyoandikwa kwenye mkanda wa zamani. Boksi lenye jina kubwa siku hizi halithibitishi chochote. Ulaze mpya juu ya wa zamani pale uwanjani kwako kabla hujaufunga: idadi ya meno, upana, na umbo la jino. Jino la mviringo na jino la pembe si ndugu hata kama urefu ni mmoja. Usiukunje ukavunjika kiuno, usiugeuze ndani nje, usiuache juani kwenye boneti. Mikono iwe mikavu na safi.

Mahali pa kazi pawe pagumu na tambarare. Mchanga wa pwani humeza jeki polepole bila sauti, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stendi zipo, na magogo mazito si aibu. Kulanti ikimwagwa, iingie kwenye beseni lenye kifuniko. Ni tamu na ni sumu, na kuku, mbuzi na mbwa hawajui tofauti. Injini iwe imepoa usiku mzima. Tayarisha pia vikopo vya bolti vyenye maandishi, maana bolti za kava hazilingani urefu na ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa kisichotobolewa. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iazime, na kipimo cha kila bolti kisome kwenye kitabu cha injini yako, wala si kwenye kumbukumbu ya mtu wa kijiweni.

Jiandae mapema pia kwa dakika ile ya mwisho. Mkanda ukishakaa, springi ikishauvuta, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kukaza beringi moja kwa moja, kisha tazama alama tena. Jifunze kutofautisha vizuizi viwili. Hewa inayobanwa inasukuma mkono kama mpira, na ukisubiri kidogo inalegea. Valvu inayogusa pistoni inasimama ghafla, chuma kwa chuma, haina subira. Ukikutana na hiyo, usiongeze bomba kwenye mpini. Rudi nyuma kidogo, anza upya. Ukiwasha gari baadaye ukasikia linagonga kwa ukali usio wa kawaida, au linawaka kwa shida huku likitoa moshi mweupe, zima. Pampu huenda imekosea jino. Bolti za pampu yenyewe usizilegeze kurekebisha hilo, tatizo liko kwenye mkanda.

Kisha peni ya wino usiofutika uwe nayo mfukoni. Andika tarehe na kilomita upande wa ndani wa kava kabla halijafungwa, na tena upande wa nje baada ya kufungwa. Taa ya T-BELT kwenye baadhi ya Hilux inazimwa kwa kuhamisha skrubu moja nyuma ya mita, na kwenye nyingine kwa kitufe, na hiyo nayo isome kitabuni mapema, kabla dashibodi haijaanza kufumuliwa kwa kubahatisha.