Kabla Hujaingia Uwanjani na Vifaru: Mambo ya Kuzingatia

Askari wa miguu anayekwenda mazoezini Hohenfels, kule Bavaria nchini Ujerumani, ambako jeshi la Marekani hujifua pamoja na majeshi washirika, huwa ameshajiandaa kwa baridi na matope. Kinachosahaulika ni kwamba ataishi jirani na kifaru cha tani zaidi ya 60, na anayekiendesha hamwoni.

Anza na hilo la kutoonekana. Dereva wa Abrams, kifaru kikuu cha Marekani, akishafunga kifuniko, huona nje kwa vioo vya periskopu tu. Aliyebanana na ubavu wa kifaru, au aliyelala kifudifudi kwenye nyasi mbele yake, kwake hayupo. Kwa hiyo, mazoezi hayajaanza, ombeni kila askari aketi kwenye kiti hicho huku wenzake wakizunguka nje, ajionee wanapopotelea. Mhadhara wa saa nzima haufikii hapo.

Kubalianeni ishara za mikono na wahudumu wa vifaru, hasa ya kusimama, kwa sababu majeshi hayafanani na redio hugoma. Anayeongoza gari kwa miguu asitembee kinyumenyume, wala asiingie katikati ya magari mawili. Dereva akimpoteza machoni, asimame papo hapo.

Masikio nayo yanadanganya. Injini ya Abrams ni tabaini, jamii ya zile za helikopta, na ukiwa mbele yake huisikii sana hadi imeshafika. Nyuma inatoa hewa ya moto wa kuunguza. Usiku wa baridi utatamani kuota hapo. Usithubutu.

Hohenfels hutumia zaidi risasi baridi, zile za mlio tu, na miale ya leza inayonaswa na vihisio unavyovaa, kwa hiyo kagua betri za vihisio vyako mapema. Lakini risasi kuwa baridi hakupunguzi uzito wa kifaru hata kilo moja. Mkihamia Grafenwöhr, uwanja mwingine wa mazoezi huko huko Bavaria, kulenga kwa risasi za moto, uliza mipaka ya hatari mbele ya mzinga wa milimita 120: baadhi ya makombora humwaga vipande vya ganda lake pembeni mara yanapotoka mtutuni.

Ndani ya gari la kubeba askari, funga kila kitu kwa kamba, na fanyeni zoezi la gari kupinduka.

Usilale chini ya gari wala ubavuni mwake; kwenye ardhi laini gari huzama. Tengeni eneo la kulala, liwekewe alama za mwanga, na mlinzi awe na amri ya kuzuia gari lolote lisilo na mwongozaji, hata likiwa la kamanda.