Kabla ya Kufungasha Chakula cha Mchana: Hesabu Saa, Kisha Hesabu Joto

Kwa wiki mbili mfululizo nilikuwa naishiwa nguvu mahali palepale, kilomita ya tatu. Kikundi chetu cha jogingi hukutana saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini. Mchana nilikuwa nakula saa saba kamili, sahani ya wali imejaa, na nilikuwa na uhakika kwamba nimejiandaa. Dada mmoja wa kikundi, ambaye ameshakwenda Moshi mara kadhaa kukimbia Kilimanjaro Marathon, hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza: "Tangu ule mpaka sasa ni saa ngapi?" Zilikuwa saa tano.

Tangu siku hiyo sianzi tena na swali la nitapika nini. Naanza na saa ya mazoezi, halafu nahesabu kurudi nyuma. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri mlo wenye wanga uliwe kati ya saa moja na saa nne kabla ya mazoezi, gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ukila mapema, unaweza kula zaidi. Ukikaribia muda, punguza. Anayekimbia saa kumi na mbili na kula saa saba ametoka nje ya muda huo, hata sahani yake iwe kubwa namna gani. Dawa yake ni kuugawa mlo: chakula chenyewe saa saba au saa nane, na kitu kidogo saa kumi na moja kasoro. Ndizi mbivu mbili zina wanga wa gramu 50 na ushee, karibu kiasi kinachomtosha mtu wa kilo 60 ikiwa imebaki saa moja. Kiazi kitamu cha kuchemsha na tende chache zinafanya kazi hiyohiyo. Sambusa na chipsi haziifanyi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na mtu anaanza kukimbia chakula kikiwa bado kinamcheza.

Kama unafanya mazoezi alfajiri, hesabu inageuka. Kwako mlo wa mchana ni wa kurudisha kilichotumika na kujenga misuli, kwa hiyo usiuruke kwa kisingizio cha kazi nyingi. Na kama kazi yenyewe ndiyo mazoezi, mathalani saidia fundi anayepandisha zege ghorofani au kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo, basi saa zote kwako ni za mazoezi, na kugawa chakula mara mbili au tatu kunakufaa kuliko mlo mmoja mzito unaokulaza.

Baada ya saa, angalia protini, yaani nyama na vyakula vya jamii ya kunde kama maharage na choroko. Wengi wetu tunajaza wanga na kuweka maharage kijiko kimoja cha kupaka rangi. Mtu wa mazoezi anashauriwa apate protini gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 mpaka 120. Ukizigawa katika milo ya siku, mchana unatafuta kama gramu 20 au zaidi kidogo. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Dagaa wakavu ni hazina inayodharauliwa: mkono mmoja uliojaa unakaribia kuwa nusu ya protini yote unayoihitaji kwa mlo ule au hata kuizidi, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, unapata na madini ya chokaa. Kikombe cha maharage na yai moja, kazi imekwisha, na hujagusa bucha.

Kunde hizi zipikwe siku ambayo una muda, si asubuhi ya kazi. Jumamosi jioni roweka maharage, Jumapili mwaga maji yale, weka mapya, chemsha yatokote sawasawa mpaka yaive kabisa. Yaliyorowekwa yanakula gesi kidogo. Choroko hazidai kurowekwa, na ndizo ninazozikimbilia wiki ikiwa imenibana. Zikishapoa, zigawe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na uvigandishe bila kuziunga. Nazi uitie siku ya kula, maana kila aliyekulia pwani anajua jinsi chakula cha tui kinavyochacha upesi.

Sasa joto. Hapa ndipo ninapowaomba watu wasome polepole, kwa sababu nimeona mwenzangu kazini akipelekwa hospitali kwa kiporo kilichoonekana kizima na kunukia vizuri.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 na cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Katikati ya namba hizo bakteria wanazaliana. Chukua siku ya kawaida ya Dar es Salaam mwezi wa pili: unafungasha saa kumi na mbili asubuhi, unapanda daladala, unafika, kopo linakaa chini ya meza, unalifungua saa saba. Hizo ni saa saba kwenye joto linalopanda mpaka nyuzi 30 au zaidi.

Wali ndio wenye hila kuliko vyote. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha inayotoka hapo haiondoki kwa kuupasha asubuhi. Kwa hiyo wali wa kesho utandaze kwenye sinia mara tu baada ya kula cha usiku, upoe haraka, uingie kwenye friji kabla ya saa moja kupita. Samaki wa aina ya jodari na vibua wana hatari yao: wakikaa kwenye joto wakiwa wabichi hujijenga ndani yao kemikali inayowasha mwili na kuleta wekundu na kichwa kuuma, na moto wa jikoni hauiondoi. Wanunue wakiwa kwenye barafu au usiwanunue.

Basi kabla ya kupanga mapishi ya wiki, chunguza kazini kwako kuna nini. Kuna friji yenye nafasi? Chakula kitoke nyumbani kikiwa baridi kabisa, kikisindikizwa na chupa ya maji iliyoganda. Chupa hiyo inalinda chakula njiani na mchana inakuwa maji yako ya kunywa. Ukikipasha, kipashe mpaka kitoe mvuke katikati, sio pembeni tu.

Hakuna friji? Watu hutegemea hotipoti, na hotipoti ni nzuri, ila ipime kwanza. Jaza maji yanayochemka saa kumi na mbili asubuhi siku ya mapumziko, funga, usiifungue mpaka saa saba. Kama una kipimajoto cha jikoni na kinasoma chini ya 60, hotipoti hiyo haifai kwa safari ndefu. Chakula chake kiliwe mapema. Inayofaulu, isuuze kwa maji ya moto kabla ya kutia chakula, ijaze mpaka juu, na chakula kiwe kimetoka motoni dakika ileile. Kuweka kiporo cha vuguvugu ndani yake ni kuwatengenezea bakteria kitanda.

Na kama huna friji wala hotipoti ya maana, usijilazimishe kubeba chakula kilichopikwa. Beba vitu vinavyovumilia: ndizi, machungwa, parachichi zima la kukatwa hapohapo, mkate wa ngano isiyokobolewa, dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa, karanga. Karanga zichague moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupe zote, maana sumukuvu haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo hushikwa kwa urahisi. Chakula cha moto ukipate kwa mama lishe.

Sikubaliani na wanaosema kula kwa mama lishe ni kukosa nidhamu. Sahani yake ya wali, maharage, mchicha na kipande cha tikiti inashinda vitu vingi vinavyouzwa kwenye boksi zuri. Jambo la kuzingatia ni saa na maneno. Nenda mapema, sufuria zikiwa bado ziko motoni, tazama kama zina vifuniko na kama kuna maji yanayotiririka ya kunawa. Kisha agiza kwa uwazi: "Mama, shikamoo. Naomba wali kidogo, maharage yazidi, na mboga za majani nyingi. Mchuzi wa juu usinitilie." Ukirudi siku ya tatu ataanza kukupakulia bila kukuuliza.

Mboga hizo zikamulie ndimu. Vitamini C inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage, na akina dada wanaokimbia wanayahitaji sana. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo isogeze mbele kama saa moja baada ya kula.

Vilivyobaki ni vidogo lakini ndivyo vinavyoharibu siku: kijiko, kopo la mchuzi lenye mfuniko unaoshika, kitambaa cha kuzungushia. Chakula cha moto kitie kwenye kioo au bati badala ya plastiki nyembamba.

Mimi hivi vyote navimaliza saa tatu usiku. Wali uko kwenye friji, choroko zimeshushwa kutoka kwenye barafu zikae rafu ya chini, chupa ya maji imelazwa kwenye friza. Ndizi mbili za saa kumi na moja kasoro naziweka ndani ya viatu vya kukimbilia, karibu na mlango, maana viatu sivisahau.