Mkitaka kuzunguka makanisani mkiimba kama familia, anzieni na simu

Familia ikianza kuimba vizuri, mialiko haikawii. Mtu atawasikia kwenye harusi au matanga ya jirani, atamwambia mchungaji wake, na muda si muda simu inalia. Wengi hukubali papo hapo kisha wakaanza kukimbizana na sare. Mimi na mzee wangu tuna watoto wanne, tunakaa Umoja, Nairobi, na Jumapili nyingi hutukuta katika kanisa lisilo letu. Wazazi wenzangu wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia waanze kwa kuuliza maswali. Sare, spika na gari vitafuata.

Kabla ya yote, mchungaji wenu ajue mnakoenda, na awape barua ya utambulisho yenye muhuri wa kanisa. Mji huu una waimbaji wengi na matapeli hawakosi, kwa hiyo mzee wa kanisa asiyewafahamu ana haki ya kuuliza mmetoka wapi na nani anawajua. Barua inamtoa wasiwasi hata kabla hajauliza.

Halafu mpigie aliyewaalika. Muulize ibada ni ngapi na ya kwanza inaanza saa ngapi, ni ya lugha gani, mtaimba kabla au baada ya mahubiri, mna dakika ngapi, kuna vyombo gani, na nani anashika mitambo. Andika majibu kwenye daftari. Mara nyingi aliyewaalika siye aliyepanga ratiba, kwa hiyo omba kuongea pia na atakayeongoza ibada siku hiyo. Nairobi kanisa moja laweza kuwa na ibada ya Kiingereza asubuhi na ya Kiswahili au Kikamba baadaye, na wimbo uliowainua watu ibada ya kwanza ukawapita kabisa wale wa pili.

Kila kanisa na utaratibu wake

Hapa ndipo familia nyingi huteleza, nami nitakawia kidogo.

Kwa Wakatoliki, Misa ina mpangilio wake na nyimbo za Misa ni za kwaya ya parokia. Mgeni kwa kawaida hupata nafasi baada ya komunyo au Misa ikiisha. Kwaresima msipeleke wimbo wenye Aleluya, maana haiimbwi tena hadi Mkesha wa Pasaka. Mkisimama mbele salimieni "Tumsifu Yesu Kristu", nao watawajibu "Milele na milele, Amina", na hapo mmeshakuwa nyumbani.

Waadventista huabudu Jumamosi, na Sabato huingia jua likitua Ijumaa. Basi mafuta ya gari, chakula cha safari na majaribio ya vyombo vimalizwe Ijumaa mchana. Makanisa yao mengi hayapendi ngoma wala midundo ya kuchezwa. Uliza kabla ya kubeba. Mkiwa na nyimbo za sauti tupu zenye soprano, alto, teno na besi zilizokaa sawa, watawapokea kwa moyo wote, kwa sababu wana masikio yaliyozoea sauti nne.

Kwa Akorino, wale Wakristo wa vilemba, viatu huvuliwa mlangoni na vichwa hufunikwa. Wavalishe watoto soksi safi, na wewe mama uwe na kitambaa. Jeshi la Wokovu wana matarumbeta yao, na wakikubali kuwapigia, wapelekeeni ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti mnachoimbia, siku kadhaa mapema. Kwa Wapentekoste jiandaeni kurudia kibwagizo hata mara tatu mkutano ukiwaka, na pia jiandaeni kukata wimbo katikati mchungaji akisimama.

Popote mwendako, jifunzeni wimbo mmoja kutoka kitabu cha wenyeji. Waadventista wana Nyimbo za Kristo, makanisa mengi ya Kiprotestanti hutumia Tenzi za Rohoni. Ukiimba beti mbili za wimbo ambao mama mzee wa benchi la mbele ameuimba tangu ujana wake, kanisa zima linajiunga nanyi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na mwenyeji hawezi kupona kama wimbo mzima anakaa akiwatazama tu. Kwa hiyo sisi huenda na nyimbo mbili, moja yetu na moja yao, na ya tatu tunaiweka akiba hadi tuombwe.

Sauti za watoto

Mtoto si mashine ya kuimbia. Chagua ufunguo kwa kumfuata yeye, hata kama wewe mwenyewe utalazimika kushuka chini ya unakopenda. Kabla ya kuondoka nyumbani tunavuma tukiwa tumefunga midomo, kisha tunaitetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, tukipanda na kushuka taratibu. Dakika kumi zatosha. Kupiga kelele ndani ya gari njia nzima hakupashi sauti, kunaichosha.

Kijana wetu wa pili alikuwa ndiye soprano wa familia. Alipokaribia miaka 13 sauti ikaanza kukatika katikati ya mstari, hasa kwenye neno refu la juu. Watu wazima hucheka, na mtoto akichekwa mbele ya kanisa anaweza kunyamaza miaka. Tulimtoa kwenye sauti ya kwanza, tukaushusha wimbo toni moja, tukampa mistari michache ya chini isiyopanda wala kushuka sana, na siku ambazo koo lilikataa kabisa akapiga kayamba. Hakuna aliyetangaza chochote. Sauti ya mvulana hubadilika kwa miezi mingi, na kumlazimisha apande alikokuwa akifika zamani ni kumuumiza. Sasa ni teno, na anaimba kwa raha.

Mazoezi yaheshimu shule. Mialiko ya mbali tunaipanga likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na mwenye mtihani wa mwisho habebwi mwaka huo, hata mwaliko ukiwa mtamu namna gani. Na kama mnaishi ghorofani kama sisi, funga mazoezi saa mbili usiku. Jirani anayeamka alfajiri kuwahi gari la kazini ana haki ya kulala.

Chakula: uji na ndizi au viazi vitamu kabla ya kutoka, maji ya uvuguvugu njiani. Soda baridi ingoje hadi ibada iishe.

Mitambo

Mtafuteni fundi wa mitambo kabla hata ya kuonana na mchungaji. Msalimieni, mjue jina lake, mshukuruni mkimaliza. Ndiye atakayeamua kama kanisa litamsikia kitinda mimba wenu.

Kama mnatumia muziki uliorekodiwa, nunua flashi ya kazi hiyo peke yake. Weka nyimbo za siku hiyo tu, kwa MP3, na uzipe majina yanayoanza na 01, 02, 03, ili fundi asianze kusaka wimbo wenu katikati ya picha za harusi. Nakala ya pili iwe kwenye simu, na simu hiyo iwekwe hali ya ndegeni. Vinginevyo shangazi atapiga kuuliza kama mmefika, na mlio utatoka kwenye spika zote za kanisa.

Maiki ni somo lake. Mtoto mdogo huishika vizuri beti la kwanza, kisha mkono unachoka na maiki inashuka taratibu hadi kifuani, na sauti inapotea. Mfundishe nyumbani kwa kijiko cha mbao: upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, kiwiko kimeegemea ubavu ili mkono usichoke, na vidole visifunike kile kichwa cha waya. Asiielekeze kwenye spika, maana hapo ndipo mluzi unapoanza. Mkiwa sita na maiki mbili, wenye sauti ndogo wakae karibu nazo na baba mwenye besi lake arudi hatua nyuma.

Kisha fanyeni mazoezi ya siku stima itakapopotea. Makanisa mengi ya mitaani kwetu ni ya mabati, na mvua ya Aprili au Novemba ikianza kupiga paa, hata spika haisaidii. Tuna wimbo mmoja wa kupiga makofi na kuitikiana ambao hauhitaji chombo chochote. Kila mmoja anaijua noti ya kuanzia, na kifungua mimba wetu ndiye anayeitoa.

Barabarani

Asubuhi ya Jumapili njia huwa nyeupe; shida ni jioni, watu wakirudi kutoka mashambani, hasa Thika Road na ile ya kutoka Nakuru. Kama mnatoka upande wa Mlolongo kwenda Westlands au Kangemi, Expressway iliyofunguliwa 2022 inaokoa muda, ila ada yake iingie kwenye hesabu. Mkikodi matatu ya abiria 14, kumbukeni kinanda cha vitufe 61 kina urefu wa karibu mita moja. Kihesabu kama abiria, ongeza spika, na usikubali mtoto apakatwe bila mkanda ati kwa sababu ni safari ya kanisa. Lipa sehemu ya nauli kabla na nyingine mkirudi. Kwa Mombasa, treni ya Madaraka Express huondoka Syokimau, na nafasi za likizo huisha mapema sana.

Sare msijisumbue. Kitenge kimoja kutoka Biashara Street kinavisha familia, na mshonee mtoto kwa kuacha pindo nene ndani, ulifungue akirefuka.

Pesa

Nitasema ninavyoamini. Hatutaji bei ya kuimba. Lakini mwenyeji akiuliza, tunamwambia waziwazi gharama ya gari na mafuta ni kiasi gani, kwa sababu kunyamaza nako kunamtesa: hajui kama elfu mbili ni matusi au ni baraka. Kanisa dogo la mtaa wa mabanda wa Mukuru likisema halina kitu, tunaenda kwa ratiba yetu, siku tuliyo na safari ya karibu. Sadaka ikitolewa, ipitie kwa mweka hazina au nambari ya M-Pesa ya kanisa, kisha wao ndio watupe. Msitangaze nambari yenu binafsi madhabahuni bila ruhusa. Na kamwe msimtume mtoto kupita na kikapu baada ya kuimba. Watu watatoa, ndiyo, lakini mtoto atajifunza kwamba uso wake ndio unaoleta pesa.

Nyumbani tunafungua bahasha mbele ya watoto wote. Kwanza fungu la kumi, kisha gari, kisha chakula, na kinachobaki kinaingia akaunti ya karo. Wakubwa ndio wanaoandika kwenye daftari, nao wanajua kila shilingi ilikokwenda.

Mkifika hatua ya kurekodi, wimbo wa mtu mwingine unahitaji ruhusa yake hata kama ni wa kumsifu Mungu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikuacha nyimbo za injili nje. Nyimbo zenu wenyewe zisajilini na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Na kama kanisa linarusha ibada moja kwa moja mtandaoni, semeni mapema kama hamtaki nyuso za watoto zibaki huko.

Mtoto akikataa

Siku itafika. Atasema ametosheka, au anaona haya marafiki wa shule wakimwona. Mruhusu aje akae kwenye benchi bila kuimba, au abaki kwa nyanya yake, na usimwombee kwa sauti mbele ya wenzake kana kwamba ameasi. Weka kila wimbo uweze kusimama hata mmoja akikosekana: sauti ya kwanza iwe na watu wawili wanaoijua, na besi pia. Binti yetu mkubwa alikaa nje karibu mwaka mzima, akawa anashika flashi na kuongea na mafundi. Alirudi mwenyewe, na mpaka leo kazi ya mitambo hajaiachia mtu.

Jumatatu jioni, mtumieni mwenyeji ujumbe mfupi wa shukrani, mkimtaja na yule fundi kwa jina. Mazoezi yaanze tena Jumatano.