Hatua Sitini Si Mita Sitini

Msimu wa vinyungu, yale mashamba yetu ya mabondeni ya kiangazi, ukikaribia huwa najua tayari nitakachokikuta huko. Mkulima amesimama ukingoni, mto ameupa mgongo, anahesabu hatua kwa sauti mpaka sitini, kisha anachomeka kijiti na kuita vibarua. Hasara yake imeanzia hapo hapo. Namna ya kulima kinyungu sitawafundisha watu wa Kilolo, Mufindi na Njombe, mmerithi kwa babu zenu. Naandika kwa ajili ya kile kijiti tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kuharibu ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Imesema mita. Hatua ya mtu mzima shambani ni kama sentimita 70 hadi 75, kwa hiyo hatua zako sitini ni mita 42 mpaka 45. Kama shamba lako limepakana na mto kwa urefu wa mita 100, zile mita 15 ulizoingia ndani ya eneo lililokatazwa zinafanya mita za mraba 1,500, zaidi ya theluthi moja ya ekari. Humo umeshaweka mbegu, mbolea, dawa na posho za vibarua. Siku afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde akipita na tepu yake huna la kumjibu, na kumwambia kwamba hata jirani amelima hakukuokoi.

Kosa hilo lina pacha wake, nalo ni kuanza kupima kwenye maji ya Julai. Julai mto umeshanywea! Mwenye kujitakia usalama anakwenda Machi au mwanzoni mwa Aprili, mto ukiwa umejaa, anachomeka vigingi pale maji yalipofika, anaviacha. Kama ulichelewa, tafuta takataka za mafuriko zilizonasa kwenye matete na vichaka, uanzie hapo. Wapo wanaoanzia katikati ya mto. Hao sina la kuwaambia.

Sasa kamba. Kata ya mita 20, uipime kwanza kwa tepu ya fundi seremala, kisha uitandaze mara tatu. Kamba ya katani ikilowa hufupika, ya nailoni ukiivuta kwa nguvu hurefuka, basi tumia kavu na uivute kwa kiasi. Kwenye mteremko usiilaze juu ya ardhi. Aliye upande wa juu ashike ncha yake ikigusa ardhi, wa bondeni ainyanyue ya kwake mpaka ilale sawa kama maji kwenye beseni, kisha ateremshe timazi, au jiwe lililofungwa uzi, kuonyesha mahali pa kigingi. Mteremko ukiwa mkali, pima vipande vifupi vya mita 5. Hili wengi wanaliona urembo wa wasomi, lakini kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 60 za kulaza kamba ardhini ni mita 52 tu zikipimwa sawa. Mto ukipinda, pima upya kila baada ya mita 20 za ukingo. Vigingi viwili vya mwanzo na mwisho havitoshi, mto haukuchorwa kwa rula.

Kuna na hili la ruhusa. Mtu ananiambia mwenyekiti wa kijiji amemkubalia. Mwenyekiti ana mamlaka yake, ila mto hauko chini yake. Maji ya mito yetu yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi yake ipo Iringa mjini. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu ni wa TFS, wakala wa misitu. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inafuatilia mazingira kwa ujumla. Ukitaka kufunga pampu, hata kama shamba lipo nje ya mita 60, unahitaji kibali cha kutumia maji, na kibali hicho kinatoka Bodi. Wanaoona Bodi inawaonea waende wakautazame Ruaha Mkuu kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ulikuwa mto wa mwaka mzima, na tangu 1993 umekuwa ukikauka. Ruaha Mdogo wetu nao unamwaga maji yake kwenye mto huo huo, chini ya hifadhi.

Kwenye mstari wa vigingi panda miti ya asili inayopenda maji, mivengi kwa mfano, mmoja kila mita 3, mvua za Desemba zikishakolea. Milingoti, yaani mikaratusi, hapana. Najua inauzika nguzo, najua inakua haraka, lakini haraka hiyo inalipiwa na kisima chako. Ndani ya mstari acha matete na nyasi vijiotee, usifyeke wala kuchoma moto.

Ukifanya hivyo, baada ya misimu michache ukingo hautamomonyoka na maji yatakuwa safi zaidi.

Tepu ya mita 50 ipo ofisini kwangu, inaazimwa bure kwa siku mbili. Irudishe ikiwa kavu na haina tope, maana ya kwanza ilirudi imekatika mita 4 za mwanzo, na aliyeirudisha alikuwa ameshapimia mashamba matatu.